Mwalimu Aliyesubiri Bunge Linyamaze

Baada ya miaka kumi na tisa darasani na mingine kumi bungeni, Mheshimiwa Bilhah Onchiri anastaafu tarehe 6 Agosti. Hapa shuleni, alikofundisha Jiografia, bado tunamwita Mwalimu, na yeye huitikia jina hilo haraka kuliko lile la Mheshimiwa.

Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai Kericho, naye akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Wazazi wetu aliowafundisha wanasema hakuwahi kuinua fimbo wala sauti. Darasa likipiga kelele, alikunja mikono na kuangalia nje ya dirisha mpaka wenyewe waone aibu. Njia hiyo haikushindwa hata mara moja, hadi alipoipeleka Nairobi.

Katika hotuba yake ya kwanza alitarajiwa kuomba fedha za daraja la mto unaotutenganisha na wenzetu wa ng'ambo. Alipewa dakika tano. Wabunge walikuwa wakipiga soga, kwa hivyo Mwalimu akakunja mikono na kusubiri. Huku kwetu, kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, watu walikuwa wameizunguka redio ya karani, Mzee Nyang'au. Jina la Mwalimu lilitajwa, kisha redio ikatoa minong'ono tu. Mzee Nyang'au akaipiga kofi, akatoa betri, akazisugua na kuzirudisha. Wakawahi kumsikia Spika akimshukuru Mheshimiwa kwa mchango wake.

Tunalicheka jambo hilo sasa, lakini mwaka ule halikuchekesha. Daraja liliachwa nje ya bajeti. Mvua ya Aprili ilipojaza mto, wanafunzi wa ng'ambo walikaa nyumbani hadi wakakosa mitihani. Mwalimu alikuja kituoni kuomba msamaha, akaketi katikati ya vikapu vya majani huku watu wakinung'unika. Mama Phanice, mchumaji ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa waliokwama, ndiye aliyesema neno ambalo bado linakumbukwa: "Mwalimu, wale si watoto wako. Ongea na kelele zao hivyo hivyo. Sisi huku tumenyamaza."

Mwaka uliofuata aliongea. Inasemekana Mzee Nyang'au alilazimika kupunguza sauti ya redio, na kwamba wabunge wawili wa viti vya nyuma walisimama bila kuambiwa. Fedha zikatoka, daraja likajengwa.

Sasa tuna lalamiko moja, tunaloleta kwa heshima. Kwa miaka mingi, mto kujaa kulikuwa kisingizio bora kuliko vyote shuleni, na hata sisi wa upande huu tulikiazima. Mwalimu alituondolea. Siku hizi mvua ikinyesha, wenzetu wa ng'ambo ndio hufika wa kwanza, na sisi tunaokaa karibu na lango hatuna la kusema.

Asante, Mwalimu. Ukae salama nyumbani Litein, ulale mpaka jua lichomoze, na siku ya mvua upite darajani utuone tukikimbia.