Safari Zangu za Mlimba

Ndugu zangu wa jumuiya, niacheni niseme nimesimama. Mnanijua, mimi kutulia siwezi.

Mnakumbuka kila askofu alipokuja kutoa kipaimara, mimi nilikuwa na safari ya Mlimba? Mlidhani nafuata mchele. Mchele gani! Nilikuwa nakimbia.

Nikiwa darasa la sita nilimaliza mafundisho yote, mapaji saba ya Roho Mtakatifu nayataja bila kukosea. Siku ya askofu ikaangukia wakati mpunga unakomaa. Tulikuwa shamba la ng'ambo ya mto, mimi juu ya dungu la miti nafukuza ndege. Baba alisema askofu atakuja tena, lakini ndege wakimaliza mpunga tutakula nini? Wenzangu wakapakwa mafuta ya krisma, mimi nikabaki na kombeo. Nililia, jamani, mpaka sauti ikakauka.

Nilipohamia hapa Kisawasawa mkaniuliza, nikasema nilishapata kipaimara kule Mlimba, kwa shangazi. Nikaona aibu, mtu mzima kupangwa mstari mmoja na watoto. Mkanipa kwaya, nikawafundisha watoto wenu nyimbo za Roho Mtakatifu huku mwenyewe sijapakwa. Nawaambia, kuficha kitu kunachosha kuliko kupalilia.

Safari hii binti wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, akaniomba niwe msimamizi wake. Alisema amenichagua kwa sababu siogopi mtu. Nikakubali, mjinga mimi. Jumapili katekista akatangaza kila msimamizi alete cheti chake cha kipaimara. Nikafunga begi.

Kituoni treni ikachelewa. Nazunguka, nakaa, nasimama. Simu ikalia, ni yule binti: fundi amemaliza gauni lake jeupe, niende nikalione. Ndugu zangu, treni nikaiacha. Nilirudi na begi langu mpaka kwao, hata kuketi sikuketi.

"Mwanangu, mimi kipaimara sina. Niliwadanganya wote."

Akalitazama begi langu. Niliona dunia inapasuka. Halafu akasema, "Kwa hiyo mama, tutapanga mstari pamoja?"

Nikaungama kwa padre. Akanisimamisha kwaya, akanirudisha kwenye mafundisho, miezi mitatu kwenye mabenchi ya watoto, magoti yananigusa kidevu. Mlicheka, nami nilisikia.

Siku ilipofika bibi wa binti alitusimamia wote wawili. Mkono mmoja begani kwa mjukuu, mwingine begani kwangu. Mnaniuliza nilihisi nini askofu aliponipaka mafuta. Moto sikuuona. Wasiwasi bado ninao, hata sasa nikisema nanyi. Ila nasema ukweli huku natetemeka, na zamani nisingeweza. Mimi naamini hilo ndilo paji la nguvu.

Namshukuru binti, padre, na bibi yetu ambaye mkono wake bado nausikia hapa begani. Nanyi mlionirudishia kwaya, asanteni.

Askofu akija tena, kama kuna mtu humu ana safari siku hiyo, asinieleze sababu. Aje tu kwangu. Sasa cheti ninacho, nitamshika bega.