Sabuni ya Wakonyo na Mafuta ya Kipkosgei

Ndani ya basi la kwenda Kaplong, kwenye kiti cha mbele yangu, Wakonyo, mpika sabuni wa Silibwet, alimgeukia mchinjaji Kipkosgei. "Mzee, umepandisha tena bei ya mafuta ya ng'ombe ninayopikia sabuni. Nikipandisha bei ya sabuni, watu watarudia kuoga kwa majivu. Heri nizime jiko."

Mchinjaji alijibu kwa upole wa mwenye kisu. "Kosa ni lako, mama. Wakioga kwa sabuni yako, ngozi inakauka kama gome, wanakimbilia kwangu kununua mafuta ya kujipaka. Sasa wewe na wateja wako mnagombania mafuta hayohayo."

"Kwa hiyo nipike sabuni isiyotoa uchafu?"

"Hapo bei ya mafuta itashuka."

"Na nani atainunua?"

Basi likasimama. Nilificha mikono yangu chini ya kikapu nilichopakata. Asubuhi niliiosha kwa sabuni ya mama huyo, kisha nikaipaka mafuta ya mzee.