Saa ya Kuchezea Horo

Mtaani Trakia, mjini Plovdiv, nje ya duka la mikate la jengo namba kumi na saba, kuna benchi lililopoteza ubao mmoja, na kando yake mashine ya kahawa inayomeza sarafu na kutema vikombe vya plastiki. Wenye benchi ni wastaafu watatu. Kuzman huitwa Spana, kwa sababu alikuwa fundi kiwandani miaka thelathini. Ventsislav ni Bateri, kwa kuwa anajua kila kitu kinachochajiwa, au anadai anajua. Apostol ni Daktari, ingawa hospitalini alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alhamisi ile asubuhi Spana alifika wa mwisho, amekunja uso kama mtu aliyelamba ndimu, na karatasi mkononi.

— Jamani, nahitaji saa ya mazoezi, alisema. — Mke wangu Rositsa anatimiza miaka sitini na mitatu Jumapili. Kaniandikia mwenyewe anaitakia nini.

Bateri akainyakua karatasi, akasoma kwa sauti:

— Kuogelea. Kupanda kilima. Horo.

Kuogelea Spana alikujua. Daktari wa kweli alimwagiza mkewe bwawani kwa ajili ya goti. Kilima nacho alikijua, Rositsa hupanda na majirani. Lakini horo? Ngoma ya kushikana mikono, watu mstari mmoja, kulia mtu, kushoto mtu! Mkewe hajaicheza tangu harusi ya binti yao. Miezi minne sasa, kila Jumanne na Alhamisi jioni huaga tu: “Naenda kwa Ganka.” Ganka ni dada yake. Usiku mzima Spana alikuwa akilisoma neno hilo moja.

— Tuanze na maji, alisema Bateri. — Chukua iliyoandikwa mita hamsini. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila saa usiivue.

— Bwawa lenyewe lina mita mbili, alisema Spana.

— Hiyo hamsini ni ya presha, siyo ya kina! Ndiyo maana unazungukwa nyumbani, bwana wee. Husomi maandishi madogo.

— Na ya kilima?

— Hiyo inapima hewa, inajua umepanda kiasi gani. Nunua ukiwa umefumba macho. Shemeji akipanda ngazi za mtu, itakwambia jamaa anakaa ghorofa ya ngapi.

Kahawa ikamuunguza Spana ulimi. Kichwani alishaanza kuhesabu: ya pili, ya tatu, ya nne.

— Ghorofa kitu gani! Daktari aliingilia. — Moyo! Mimi nimebeba wagonjwa miaka ishirini na sita. Moyo wa mama wa umri ule haufiki mapigo mia na arobaini kwa kurusha miguu tu.

— Unafika kwa nini basi?

— Kwa jirani. Kwenye horo mkono wake umeshikwa, sivyo? Mapigo ya mshikaji yanapitia kidoleni, saa inayadaka. Utaona mistari miwili kwenye kioo. Mmoja wa mkeo. Mmoja wa jamaa.

— Acha uchochezi, Daktari.

— Sichochei, nakuonya. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana wangu yuko Stuttgart, anahusika vipi na horo?

— Siku hizi kuna ya jasho, Bateri aliendelea, sauti chini kama anauza magendo. — Jasho la jamaa likiigusa, inakupa umri wake na alichokula jana.

Spana hakucheka. Mtu huyo alishamwona akilini: mrefu, sharubu za kijivu, viatu vinang'aa. Alishamchukia hadi viatu.

Mbele ya mashine alikuwa amesimama mama mmoja na kikapu chake cha magurudumu, Bi Nedyalka, aliyehamia pale wiki iliyopita. Aligeuka, kikombe mkononi.

— Samahanini, wazee, nimewasikia. Horo haihitaji saa ya chuma, itamchubua mwenzake. Mkanda laini, na aipandishe juu ya kifundo cha mkono. Akamtazama Spana. — Na wewe, baba, mkono wa mkeo uliushika lini mara ya mwisho?

Spana akakikunja kikaratasi chake. Akamtazama Daktari, Daktari alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu. Akamtazama Bateri, aliyeachwa na wake wawili; Bateri ghafla alihitaji kufunga kamba za viatu. Bi Nedyalka akavuta kikapu chake, akaenda zake.

Mchana Spana alinunua saa nyepesi ya mkanda laini, inayovumilia maji, isiyojua ghorofa za watu. Saa kumi na mbili alikuwa mlangoni pa ukumbi wa mtaa, horo inakochezwa, muziki unatetemesha vioo. Watu kama ishirini walikuwa wanazunguka, na aliyeuongoza mstari, anapunga leso, alikuwa Ganka. Kumbe kwa Ganka ndiko huku! Na yeye hakuwahi hata kuuliza.

Rositsa alikuwa katikati, mashavu mekundu. Na aliyemshika mkono wa kushoto alikuwa mwanamume. Mrefu. Sharubu za kijivu.

Spana hakungoja wimbo uishe. Akakata ukumbi moja kwa moja, akajichomeka kati yao.

— Unavunja mstari wewe! Ganka alipiga kelele.

— Acha uvunjike!

Rositsa alimtazama bila kusimamisha miguu.

— Umechelewa miezi minne, alisema. — Shika. Usinivute.

Akashika. Lakini ngoma ni ngoma, mkono wa pili nao lazima ushikwe, na mwenye sharubu akaushika. Kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa jasho. Akamkanyaga Spana kidole gumba, kisha akainama sikioni kwake.

— Samahani, ndugu yangu, leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Yule pale mbele mwenye sketi ya kijani ni mke wangu. Nimekuja kuona anashikwa mkono na nani.