Upatu wa Majina: Risala ya Walimu wa Idara ya Udongo

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, karibu sana ukumbini kwetu. Kiti ulichokalia tumekiazima maktaba, maana vya kwetu vinachana suruali. Tunajua umekuja kutukabidhi ngao ya idara iliyochapisha makala nyingi kuliko zote. Tunaomba uishike kwanza, utusikilize.

HISTORIA

Tuko walimu kumi na mmoja. Miaka minne iliyopita chuo kilitangaza kuwa asiyechapisha hapandi cheo, wala mkataba wake hauongezwi. Kumi kati yetu tukaanzisha upatu: kila mwezi mmoja anaandika makala, majina ya wote yanawekwa. Mwezi huu zamu yako, mwezi ujao yangu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tulifanikiwa mno. Makala yetu ya mmomonyoko wa udongo ilikubaliwa baada ya saa tano, tena na jarida la magonjwa ya meno. Wahakiki walikuwa wawili. Wa kwanza aliandika "Kazi safi." Wa pili aliandika namba ya kulipia. Hatukuuliza kitu, tulipeana mikono.

Hata Mzee Chaki, mwalimu wetu mstaafu tuliyemwongeza kwenye upatu kwa heshima, aliyefariki mwaka juzi, mwaka jana alichapisha makala saba. Tulisahau kumtoa kwenye orodha. Jarida moja likaandika kumteua awe mhariri, nasi tukajibu kuwa amekubali. Cheti chake kiko kabatini. Tunaona haya kumpelekea mjane.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni mwenzetu wa kumi na moja, tunayemwita Dada Mizani kwa sababu hapimi kitu mara moja akatosheka. Alikataa upatu. Mkuu wa idara alimbembeleza: "Mdogo wangu, weka jina tu, kwani linauma?"

Akajibu, "Kaka, nikiulizwa udongo huo niliuchimba wapi, nitasema nini?"

Tulimcheka. Lo, tulimcheka! Tukamwita mshamba.

Kwa miaka minne anaandika makala moja tu, ya sumu katika udongo wa bustani za mboga nyuma ya kiwanda cha betri. Jarida la kweli limemrudishia mara mbili, likitaka vipimo zaidi. Hanuni, anachukua ndoo na koleo anarudi bustanini. Ndiko aliko sasa hivi.

Jumatatu ofisi yako ilimwandikia kuwa hana makala hata moja, hivyo mkataba wake unaisha Ijumaa. Siku hiyohiyo ilituandikia sisi barua ya pongezi. Mkuu wa idara alizisoma zote mbili, akafunga mlango, akalia kama mtoto. Sisi wengine tulijifanya tunatafuta kalamu. Mgeni rasmi, tunaona aibu. Katika jengo hili ni yeye peke yake anayefanya kazi tuliyoajiriwa sote kuifanya.

MAOMBI

Ngao rudi nayo. Makala zetu zikaguliwe, hazitamchosha mkaguzi, ndani hamna kitu. Vyeo tulivyopandishwa, tushusheni.

Na kama Ijumaa ni lazima mtu aondoke, sisi hawa kumi tumesimama mbele yako, chagua. Yeye mwacheni amalize kupima. Mboga zile zinauzwa kila asubuhi, na watu wanalisha watoto.

Mungu akujalie afya, na moyo wa kutukasirikia sisi badala yake.

Ni sisi, walimu kumi wa Idara ya Udongo.