Ngazi ya Mvule na Mafuta ya Korosho

Ndugu zangu wanakikundi wa kuweka na kukopa, kazi niliyoipata kwa ujanja ilinigharimu laki tatu na themanini elfu, ngozi ya viganja vyote viwili, na mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili, mnaijua tabia yangu. Jina lake silitaji, na mnaomjua msigeuze shingo.

Miaka kumi na moja tulikuwa wawili kwenye karakana moja hapa Magomeni yetu, si ile ya Dar. Mimi napatana bei, yeye anapiga randa. Msimu wa korosho akaenda Nanyamba kuvuna kwao. Huku nyuma akaja bwana mmoja kutoka Dar, amenunua nyumba ya enzi za Mjerumani kule Mikindani, anataka mbao zote za ndani zirudishwe zilivyokuwa: ngazi, milango, dari. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Alianza na milioni moja na nusu, tukafungia milioni mbili na laki nne, vifaa juu yangu. Alipoondoka nikaigawa kwa wawili, nikaona ndogo. Nikaigawa kwa mmoja, nikaona tamu.

Mwenzangu aliporudi akauliza, "Yule bwana wa Mikindani vipi?"

Nikamwambia, "Kazi haikutokea."

Nikabeba vyombo vyangu, nikamwambia nakwenda kujenga jiko la shemeji yangu. Uongo nao una bei ya jumla: ukinunua mmoja, wa pili unaongezwa.

Nyumba ile ni kubwa, ndugu zangu. Ukikohoa chini, juu nako mtu anakohoa, na mtu mwenyewe ni wewe. Nilikwangua rangi nyeupe, nikakuta kijani. Chini ya kijani, bluu. Chini ya bluu, mvule mwekundu ambao hata mchwa alikuwa ameuonea haya, isipokuwa mkono wa ngazi na mwimo mmoja wa mlango. Nilifurahi, nikageuka nimwonyeshe mtu. Hakuna mtu. Ubao mrefu ukiukata peke yako, ncha ya pili unaifunga kamba dirishani. Siku moja nimezama kazini nikasema, "Shika hapo." Nikaachia. Ubao ukaanguka kwenye mguu wangu. Nilicheka, lakini kicheko cha mtu mmoja kwenye nyumba tupu hakichukui muda kwisha. Chakula cha mchana nilikula kwenye ngazi. Vipandio ni ishirini na moja, nilivihesabu kwenda juu na kurudi chini, maana hapakuwa na mazungumzo mengine.

Sasa sikilizeni ujanja wa pili. Kwenye bei nilikuwa nimeweka vanishi nzuri na dawa ya mchwa, laki tatu na themanini. Nikakumbuka wazee wetu wanapaka nguzo mafuta ya maganda ya korosho, na mchwa hasogei. Nikapata madumu mawili karibu na bure. Nikapaka mkono wa ngazi wote, kwa kitambaa, mikono mitupu. Siku tatu haukukauka, ukawa mweusi unaonata. Siku ya nne viganja vikavimba, vikapasuka. Kijiweni watu wakaanza kunisalimia kwa mbali, wakidhani ni ugonjwa. Mtu wa kumweleza ukweli sikuwa naye.

Bibi anayeuza uji jirani na nyumba ile ndiye aliyenishika kifundo cha mkono akavitazama. Alibangua korosho kiwandani ujanani.

"Hii nkorosho hii," akasema. "Sisi tulikuwa tunapaka majivu kwanza. Wewe ulipaka nini?"

"Sikupaka kitu, bibi."

"Ulipaka ujanja. Umepaka na ngazi ya watu, eti? Wageni wakishika je? Mwenzio yuko wapi?"

"Kazi hii ya mtu mmoja."

"Haya. Basi mwambie huyo mmoja akufunge vifungo vya shati."

Nilikuwa wazi kifua tangu asubuhi, ndugu zangu. Vidole vilikuwa havifungi.

Nikapanda bajaji mpaka karakana. Mwenzangu aliitazama mikono. Nikamwambia yote, pamoja na jiko la shemeji. Akasema, "Ngazi ina vipandio vingapi?"

"Ishirini na moja."

"Umehesabu mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na mafundi, ulihesabu mara ngapi?"

Akachukua randa yake. Ila kwanza akanipa simu, nimpigie mwenye nyumba nimwambie nilichopaka. Nilipiga. Laki tatu na themanini ikakatwa. Sikubishana hata shilingi, mara ya kwanza maishani.

Wiki tatu alikwangua yale mafuta, mikono ameipaka majivu, akachonga kipande kipya pale palipoliwa, akapaka vanishi halisi. Mimi nilifagia, nikazuia mbao kwa viwiko. Alinisemesha vipimo tu. "Tisini na mbili." "Tisini na mbili," najibu. Niliona afadhali ile nyumba ilipokuwa tupu.

Tulipolipwa nilimwekea nusu yake mezani. Hakuigusa.

"Ya kazi ipi?" akasema. "Si uliniambia haikutokea?"

Juma lile akahamishia meza yake ya kazi mtaa wa Chuno. Tukikutana, salamu ananipa, kamili, na inaishia hapo.

Namshukuru bibi wa uji, aliyenisuta na bado akanipa uji kwa kijiko. Nawashukuru ninyi mlioniahirishia marejesho mikono ilipokuwa haishiki. Na ninachowaambia ni hiki: mtu wa kukushikia ncha ya pili usimpigie hesabu kama gharama.

Nusu yake ninayo hapa, sijaila. Nimempelekea mara mbili, imerudi mara mbili, kwa hiyo msiniambie nipeleke tena. Kulipa kwa pesa najua, hata kupunguza najua. Mtu asiyetaka pesa analipwa nini? Wazee, akina mama, nishaurini. Tajeni chochote. Leo sipatani bei.