Binti wa Rabson Yuko Njiani Iringa

Kijiwe cha Bomba Bovu kiko Soweto, Mbeya mjini, ubavuni mwa bomba la maji lililozinduliwa kwa ngoma na hotuba, likatoa maji siku ile ya uzinduzi, basi. Hapo ndipo Jailos huweka birika lake la kahawa juu ya mkaa, na wanaume wenye makoti mazito husogeza benchi karibu na moto, maana baridi ya Juni kule haina adabu. Asubuhi hiyo Rabson, dereva wa fuso la mpunga, alikaa mwisho wa benchi kimya, simu mkononi. Binti yake Pendo alikuwa amepanda basi la alfajiri kwenda Iringa, na kijiwe kizima kilishajua.

— Umemruhusu wewe? aliuliza Kamanda. Jina lake Didas. Aliwahi kuwa mgambo wa kata, na mpaka leo huuliza watu maswali kama yuko zamu.

— Mtu mzima yule. Ameniaga, nikamwambia safari njema.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Na mkuu ni nani? Mkuu wa wilaya!

— Mkuu wa wilaya kaingiaje hapa? Jailos akashangaa.

— Subiri uone.

Kilichompeleka Pendo Iringa ni shirika liitwalo Ngazi Sawa. Lilikuwa likizunguka mikoa hii likidai mtoto wa maskini naye afike chuo kikuu, na akimaliza asifanyishwe kazi ya bure miaka na miaka kwa jina la kujitolea. Kesho yake lilikuwa na mkutano na wakubwa wanaotunga sera, na Pendo alitakiwa asimame aeleze yaliyomkuta. Alimaliza stashahada ya uhasibu, ajira hakuna, baba yake akaenda kumwombea nafasi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, kwa bosi wake mwenyewe. Akapokelewa ajifunze kazi. Sasa mwaka wa pili ulikuwa unakatika, bado anajitolea, na unga wa kula anatumiwa na mama yake.

Rabson hakuhitaji kuelezwa. Pendo akisimama Iringa, mashine itatajwa. Mashine ikitajwa, mwenyewe ni Sosthenes, na fuso ni la Sosthenes.

— Hayo mashirika mimi nayajua, alisema Profesa. Huyu ni Tadeo, aliyeishia kidato cha nne akaendelea na magazeti. — Watampiga picha analia. Picha inapelekwa nje, inauzwa.

— Pendo halii ovyo, Rabson alijibu.

— Watamliza! Kuna dawa ya kupaka machoni.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, Kamanda akadakia. — Hao wana mwaka wa ngapi hapa? Nani kawaona na jembe?

— Kamanda, hao wana ofisi. Jembe la nini?

— Ndiyo hapo sasa!

Profesa akasogea mbele, sauti akaishusha.

— Sikilizeni. Wanataka watoto wote wasome mpaka chuo kikuu. Wote! Wakishasoma, nani atapanda mpunga Mbarali? Hakuna. Mchele utaletwa na meli, na Ubaruku yote wataisawazisha wacheze ule mpira wa vijiti.

— Gofu, Jailos akamsaidia.

— Gofu! Na Rabson ndiye atakuwa kaanzisha.

Siku nyingine Rabson angecheka mpaka akohoe. Siku hiyo hata midomo haikusogea. Alikuwa akitazama barabara.

Mama mmoja aliyevaa sweta juu ya kitenge alifika, akatua kiroba cha viazi.

— Kamwene, baba zangu. Naomba nikae kidogo. Nimetoka Nyololo, mpwa wangu anakuja kunichukua.

— Kamwene, mama. Karibu moto, Jailos alisema, akampa kikombe.

Mama huyo, Verediana jina lake, hajapuliza kahawa yake hata mara moja, gari kubwa jeupe likasimama mbele ya benchi. Kijiwe kikakakamaa. Sosthenes alishuka, akaitikia shikamoo zote kwa mkupuo, akabaki amesimama mbele ya Rabson.

— Nasikia mtoto kasafiri.

— Ndiyo, bosi.

— Nimeambiwa na mtu wa Rujewa. Siyo wewe.

Rabson akaiweka simu mapajani.

— Ulipokuja pale kwangu, kofia mkononi, nilikufukuza?

— Hukunifukuza, bosi.

— Binti yako nimewahi kumtukana? Nimemtazama vibaya hata siku moja?

— Hapana. Hilo siwezi kusema.

— Nilimpokea ajifunze. Kiti nikampa, kompyuta nikampa. Leo anakwenda kunianika mbele za watu! Mpigie. Ashuke hapo Makambako, apande la kurudi. Akirudi, hayo yameisha. Asiporudi, unajua mwenyewe.

— Mpigie, Rabson, Profesa alisema pole pole. — Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyemuuliza ina maana gani. Rabson aliitazama simu. Miaka yote miwili alikuwa akimshukuru huyu mtu: akipewa safari, asante, akimkuta Pendo amechoka ofisini, kwanza asante kwa bosi, ndipo ampe mtoto pole. Alijionea haya, na hapohapo aliogopa, na hakujua kipi kinazidi.

— Samahani, baba, mama wa Nyololo alisema, akimgeukia Sosthenes. — Mimi mgeni, naulizia tu. Huyo binti kazi hajaiweza?

— Hajaiweza? Sosthenes nusura acheke. — Anamshinda mhasibu niliyemwachisha! Tangu aingie yeye, gunia halipotei. Watu wa kodi wakija, simwiti mwingine, namwita yeye.

— Ahaa. Sasa amebakiza kujifunza nini?

Aliuliza bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia njia. Sosthenes akarekebisha kola ya koti. Akamtazama Profesa, na Profesa akainamia kikombe kana kwamba kuna maandishi ndani. Kamanda alianza, "Wahenga walisema...", akaishia hapo. Mkaa ulipasuka jikoni, wote wakashtuka.

— Rabson, Sosthenes alisema mwishowe. — Piga.

Rabson akapiga. Kelele za wauza mahindi zikasikika upande wa pili.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Mko wapi?

— Makambako. Basi limesimama, watu wameshuka kuchimba dawa. Kwani kuna nini? Bosi yupo hapo?

— Yupo.

Pendo akashusha sauti.

— Nishuke?

Watu watano walikuwa wakimtazama. Rabson akaisogeza simu karibu na mdomo.

— Kaa kwenye siti yako, mwanangu. Na kesho ukisimama, sema taratibu. Wewe una tabia ya kukimbiza maneno.

— Na wewe je, baba?

— Mimi niko kijiweni. Haya, basi lisikuache.

Akakata. Sosthenes hakupiga kelele. Alinyoosha tu kiganja.

— Funguo.

Rabson akasimama, akapapasa koti, akaziweka kiganjani mwa bosi kwa mikono miwili, kwa adabu ileile ya siku zote. Gari jeupe likaondoka.

— Atamrudisha, alisema Kamanda. — Fuso lile gia zake anazielewa nani?

— Na hesabu atapiga nani? Jailos aliuliza.

Profesa akanyoosha kikombe aongezewe. Jailos akainamisha birika, yakatoka machicha matupu.

— Imeisha, jamani.

Rabson hakuwepo tena kusikia. Alikuwa ameshavuka barabara, anakaza mwendo kuelekea nyumbani, maana habari kama ile mke hapaswi kuletewa na watu wa kijiweni.