Mestrado ya Kuteka Maji: Maisha ya Olinda Jaime Feliciano (1976–2025)

Olinda Jaime Feliciano, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 katika kijiji cha uwanda wa juu, si mbali na Mueda. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Jaime Feliciano na marehemu Mama Verónica. Waliokulia kule juu wanajua: ardhi nzuri, mihogo tele, maji hakuna. Maji yako chini bondeni, na kazi ya kuyapandisha ni ya wanawake. Olinda alianza safari hiyo kabla hajajua kusoma. Mdogo wake Ilda, anayesoma maneno haya, ni shahidi kwamba dada yake alizungumza njia nzima, kushuka na kupanda, na bado ndoo ilifika imejaa.

Alisoma shule ya msingi kijijini na sekondari Pemba, kisha akaenda chuo cha ualimu. Kuanzia mwaka 1999 alifundisha historia hapa Palma, na baadhi ya mliosimama hapa mnakumbuka chaki yake ilivyokuwa ikiruka. Mwaka 2016, akiwa na miaka arobaini, aliingia chuo kikuu Nampula kusomea shahada ya uzamili, mestrado kama tunavyosema huku. Akachagua kuandika historia ya njia za maji za kwao: nani alipita wapi, na kwa nini. Mzee Jaime alipoambiwa alishika kichwa.

"Olinda, mimi nilikusomesha ili usiteke maji. Leo unakwenda chuo kikuu kusomea kuteka maji? Iyo mestrado gani?"

"Mestrado ya kuteka maji, baba."

Jina likamganda. Familia nzima ikamwita hivyo, na tuseme kweli, haikuwa kwa heshima.

Mwaka 2018 chuo kilianzisha bolsa, yaani ufadhili, ya majaribio: mwanafunzi wa historia, lugha au falsafa alipiwe mwaka mzima afanye kazi nje ya chuo, ionekane masomo yale yanafaa nini. Wakubwa wengi hawakuamini. Walimtuma Olinda peke yake, kwenye kampuni moja ya visima hapa Palma, wakamwambia wazi kwamba akirudi mikono mitupu bolsa inafungwa, na wenzake waliokuwa wakisubiri nyuma yake wasahau. Olinda aliogopa. Alimwambia Ilda kwenye simu kwamba angeweza kuvumilia kuchekwa yeye, lakini si kuwafungia wenzake mlango.

Kampuni ile ilikuwa na aibu yake. Ilikuwa imechimba kisima kirefu katika mtaa mmoja wa pwani, na pampu ya jua na mabomba yanayong'aa, lakini wanawake waliendelea kwenda kwenye kisima cha zamani chenye maji ya chumvi. Injinia Hermínio, mwenye kazi ile, alimpokea hivi: "Doutora, pampu nzima, maji matamu. Watu ndio wabishi. Andika hivyo, tumalize."

Olinda hakuandika. Alinunua ndoo. Akateka maji ya chumvi pamoja na wanawake wa mtaa, siku baada ya siku, huku domo halifungi. Hatimaye akawaomba wamsindikize kwenye bomba jipya. Walipofika kwenye kona, wote wakasimama. Mbele yao, kabla ya bomba, lilikuwa baraza wanapokaa wanaume wakitoka msikitini. Olinda akacheka peke yake, maana jambo hilo alikwisha kuliandika Nampula: kule juu nako, kila njia ya maji ilikwepa uwanja wa wakwe.

Bi Cadija, mwenyeji wake, akamalizia: "Weye mwanangu, ungepita na nguo imelowa, imekushika mwilini, mbele ya baba mkwe wako na wenziwe? Bora chumvi!"

Kesho yake Olinda alimwekea Hermínio ndoo iliyojaa miguuni. "Injinia, jitwike mpaka kwa Bi Cadija. Pita barazani."

Hermínio alipita. Wazee walimpa salamu mmoja mmoja, naye ikabidi asimame awajibu mmoja mmoja, maji yakimtiririka shingoni. Alifika shati limemganda na ndoo imebaki nusu. "Nimeelewa, doutora," akasema.

Bomba likavutwa hadi nyuma ya nyumba, na wiki ileile foleni ya ndoo ikajaa. Wakubwa wa chuo walipokuja kukagua, Bi Cadija aliwapa vikombe vya maji. "Nyweni kwanza," aliwaambia, "ndipo mseme historia haifai." Bolsa haikufungwa. Na tangu siku hiyo kampuni haikuchimba popote kabla injinia hajabeba ndoo.

Olinda na Hermínio walifunga ndoa kanisani Palma mwezi Novemba 2019. Bwana arusi alidai alichumbia kwa woga, asije akatwikwa ndoo nyingine. Vita vilipotukimbiza sote Machi 2021, ni Olinda aliyewazungusha wanawake katika kambi tuliyokimbilia wachague mahali pa mabomba. Waliporudi Palma alikabidhiwa bolsa yenyewe aisimamie. Vijana wakamiminika: wa falsafa hospitalini, wa lugha mpakani Namoto, wa historia kwa wavuvi wa Macaloe. Wenzake aliowaogopea walipita wote, na mlango haujafungwa mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024. Alitibiwa Pemba, na huko akafariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2025. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimuuliza mumewe kama kisima cha mtaa mpya kimechimbwa.

"Tayari."

"Ulibeba ndoo?"

"Nilibeba, mke wangu."

"Basi sawa."

Jana, msiba ulipojaa watu, maji yalikwisha nyumbani. Kabla wanawake hawajainuka, ikatokea safu ya vijana kwa njia ya nyuma, wake kwa waume, ndoo kichwani, nguo zimelowa. Mzee Jaime aliuliza hao ni nani.

"Ni wa bolsa ya Olinda, baba," Ilda akamjibu. "Wote wana mestrado."

Mzee aliwatazama mpaka wa mwisho alipotua. Akavua kofia. "Mestrado ya kuteka maji," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka. Akaomba kikombe cha kwanza, akanywa chote, akilia.

Marehemu ameacha baba, Mzee Jaime, mume, Hermínio, wadogo zake, Ilda na Aurélio, na watoto: Beatriz, binti wa Hermínio aliyemlea kama wake, pamoja na wote wenye mestrado ya kuteka maji. Hao wameandikwa miongoni mwa watoto kwa agizo la baba yake.

Olinda ametua ndoo, na imefika imejaa. Mungu ampumzishe kwa amani.